Asubuhi Niliyokukuta Umelala Relini

Mwanangu Mishi,

Nimeanza na jina la Mwenyezi Mungu, na baada ya jina lake naanza na lako, kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nikilitaja jina lako kwa jambo moja tu, nalo ni kukuamsha.

Ni alasiri. Umelala chumbani, na mama yako amewafukuza kuku uani wasikusumbue. Habari za sabuni, shuka, viatu na chakula cha bweni amekwisha kukueleza yeye, nami sina la kuongeza hapo. Kesho nitakufikisha stesheni Muheza, na nikifika pale nitakuwa bubu. Najijua. Nitakushika mkono niseme, "Haya, mwanangu," basi, treni iondoke. Kwa hiyo naandika. Usome ukiwa njiani, au ukifika, au siku yoyote utakayopenda.

Nataka kukueleza asubuhi ile kama nilivyoiona mimi. Ni mwaka na nusu sasa na hatujaizungumza hata mara moja humu ndani. Tunaizunguka kama watu wanaozunguka shimo.

Nilitoka na injini kambini jua likichomoza, nyuma yangu mabehewa saba yamejaa wakataji wanaokwenda shamba la juu. Umande ulikuwa mwingi, mkonge wote unameta. Ukishapita kona ya kisima, njia inanyooka, na pale nimezoea kuiachia injini ikimbie kidogo. Nikaona kitu kwenye reli. Nikadhani ni tita la mkonge lililodondoka jana yake, nikakasirika, nikawaza nani aliyefunga ovyo namna ile. Kisha nikaona kitambaa cha buluu. Nikajiambia, kitambaa kile kinafanana na sare ya Mishi. Kinafanana, nilisema. Akili yangu ilikataa kwenda mbele ya neno hilo. Mkono ndio ulioshika breki, wenyewe, mimi sikuuamuru.

Wakataji waliangukiana ndani ya mabehewa. Mmoja alipasuka mdomo. Chuma kilisaga chuma, cheche zikaruka, na injini iliposimama, toka gurudumu la mbele mpaka kichwa chako palibaki nafasi ya mkono wangu, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Usidhani nakisia. Nilirudi pale kesho yake peke yangu, nikapiga magoti nikaipima.

Na wewe hukuamka.

Hilo ndilo ambalo mpaka leo likinijia hunisimamisha popote nilipo. Kelele zile zote, watu wanaruka chini wakipiga mayowe, mvuke unatoka, na wewe umelala. Daftari zako umezikumbatia kifuani, shavu juu ya reli, mdomo wazi kidogo, vilevile ulivyokuwa ukilala ulipokuwa mchanga. Nilidhani umekufa. Nilikuinua, nikakusimamisha kwa nguvu, ukafumbua macho, ukanitazama, ukasema kwa adabu kabisa:

"Shikamoo, baba."

Nami nikakuzaba kofi.

Mtoto aliyekuwa kwenye ncha ya mauti ananiamkia, nami namjibu kwa kofi. Wakataji wote waliona. Wale ni watu waliotoka mbali, wa bara, wamezoea maneno makali ya manyapara, lakini walinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa. Nikakuuliza kwa ukali, "Unafanya nini hapa?"

"Nilikaa kidogo tu, baba. Reli ilikuwa baridi. Ilikuwa nzuri."

Kisha ukaanza kucheka. Ukacheka, ukacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, bila kituo, na kilio kile hakikuisha siku ile wala siku iliyofuata. Ulilia ukila. Ulilia ukisuka ukili. Mama yako akikuuliza nini, unasema, "Sijui, mama," na machozi yanaendelea kutoka kama si yako.

Shangazi zako walikuja wakasema ni pepo, wapige ngoma. Wengine wakasema mtoto amesoma sana, akili za kizungu zimemlemea. Mimi nilikuwa na jibu langu, na nalikumbuka kwa aibu: nilisema ni uvivu. Nilisema mtihani wa darasa la nane umekaribia, na msichana anatafuta pa kujificha. Ndivyo nilivyosema mbele ya mama yako, na mama yako, ambaye hajawahi kuninyanyulia sauti tangu nimvishe pete, alisimama mlangoni akaniambia, "Shabani, kama huyu ni mvivu, basi mimi sijui nani aliyechota maji ya nyumba hii mwaka mzima." Ndiye aliyekuchukua kwa dresa. Mimi nilifuata nyuma kwa kuona haya tu, watu wasije kusema baba hakwenda.

Unamkumbuka Dresa Petro, yule Mbondei mfupi wa zahanati ya kambi. Alikutazama macho, akakupima homa, akakubonyeza tumbo. Kisha akavuta kigoda akaketi mbele yako, akakuuliza unalala saa ngapi.

Mimi nikajibu, "Analala saa nne."

Hakugeuka. Akasema, "Bwana Shabani, nimemuuliza yeye."

Ukamwambia. Ulisema polepole, kama mtu anayekiri kosa. Kwamba ukirudi shule, mwendo wa saa nzima kwa miguu, unachota maji, unatwanga, unapika na mama, unawaogesha wadogo zako. Kwamba baada ya isha unafungua vitabu mpaka saa tano, mara nyingine saa sita. Kwamba baba anakuamsha saa tisa, kabla hajaenda kuwasha injini, ili usome akili ikiwa safi.

"Na siku za mapumziko?"

"Siku za mapumziko pia."

"Na ukipata nafasi, mchana, hulali?"

Ukaangalia chini. "Nikilala namsikia baba ananiita. Naamka, natoka nje, namkuta yuko kazini. Hakuniita. Narudi, nalala, namsikia tena."

"Tangu lini?"

"Tangu mfungo, dresa."

Mfungo ulikuwa umepita miezi mitano. Nilikuwa nimesimama pale karibu na dirisha. Ni mimi niliyekuwa nikikuita hata nisipokuwepo. Sauti yangu ilikuwa imeingia kichwani mwa mtoto wangu ikakaa humo, inapiga kelele, na mimi niko juu ya injini najisifu kwa wenzangu kwamba binti yangu atakuwa wa kwanza katika kambi nzima kwenda sekondari.

Dresa alisimama, akanitoa nje, akaniambia kwa sauti ndogo, "Dawa ya jambo hili haimo kabatini kwangu. Mtoto wa umri huu bado anajengeka, mwili na akili. Anataka usingizi kama anavyotaka chakula, na zaidi yako wewe. Mmemnyima, sasa kichwa kimekataa. Mtoeni hapa. Mpelekeni mahali ambapo hakuna kitabu na hakuna wa kumwita."

"Mtihani je?"

"Ulimkuta wapi asubuhi ile, Bwana Shabani?"



Ndipo nikakupeleka Moa kwa bibi yako. Nilikuacha nikarudi kazini siku ileile, kama mtu aliyepeleka mzigo.

Nilipata ruhusa baada ya wiki tatu. Nilifika Moa adhuhuri, nikamkuta mama yangu amekaa kizingitini anapaa samaki, amenyoosha miguu kuziba mlango. Nikamwamkia, nikauliza uko wapi. Akasema umelala. Nikasema, saa hizi? Nikataka kupita.

"Keti hapo," akaniambia. "Ukimgusa mtoto huyu, Shabani, mimi na wewe tutaonana wabaya."

Nikaketi. Mimi, mwanamume mwenye mvi, nikaketi chini kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Akaendelea kupaa samaki, kisha akasema bila kuniangalia, "Unajua alipofika hapa alifanya nini? Kila jioni alikuja kusimama mbele yangu, akasema, bibi, naomba ruhusa nilale. Kila jioni. Mtoto anaomba ruhusa ya kulala! Nimezaa watoto tisa, sijapata kusikia jambo kama hilo. Mlikuwa mkimfanya nini kule?"

Akanieleza kwamba wiki ya kwanza ulikuwa ukishtuka kila mara, unakaa kitandani unaitika "labeka baba" gizani, na yeye anakushika mgongo mpaka upoe. Wiki ya pili ulilala siku mbili karibu nzima, unaamka kula na kusali tu. Majirani wakaja kuuliza kama unaumwa. Akawaambia, "Anarudishiwa chake."

Kisha akanyanyua miguu akaniachia mlango. "Kamtazame. Kwa macho, si kwa mdomo."

Mishi, mimi ni baba yako, lakini siku ile ndiyo niliyokutazama. Ulikuwa umelala ubavu, leso imekuteleza begani, na mkono wako wa kushoto umeunyoosha juu ya mkeka. Nikaona alama. Nilikuwa nimeziona kabla, nikidhani ni upele wa mbu. Zilikuwa ndogondogo, zimepangana juu ya mkono, nyingine zimepona, nyingine bado nyekundu. Nimefanya kazi ya mkonge tangu ujana. Nazijua alama za mwiba wa mkonge kama ninavyojua mwandiko wangu.

Nikatoka nje nikamwuliza bibi yako. Akasema, "Ameniambia mwenyewe. Alikuwa akijichoma asisinzie juu ya kitabu. Alisema baba akimkuta anasinzia atasikitika."

Hukusema nitakupiga. Ulisema nitasikitika. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikashika ukuta.

Sasa nikueleze kwa nini nilikuwa mtu wa namna ile. Si kwa kujitetea. Nimejaribu kujitetea mwenyewe mbele yangu mwenyewe na nimeshindwa. Nakueleza kwa sababu ni jambo ambalo lilinipata nikiwa na umri wako, na sikulifahamu, na kutolifahamu kwangu ndiko kulikokuangukia wewe.

Unamjua Ami Kombo, anayeuza machungwa Muheza, mwenye mguu mmoja. Umekua ukiambiwa alikatwa na papa. Si kweli. Hakuna papa. Ni mimi.

Tulitoka Moa pamoja, mimi na yeye, tukiwa na miaka kumi na saba, tukaandikwa kazi katika shamba moja la mkonge. Enzi zile mabehewa mengine yalisukumwa kwa mikono, na palipo na mteremko, mtu mmoja hushika breki. Ulikuwa msimu wa haraka. Tulifanya kazi mchana, tukaambiwa tuendelee usiku, na kesho yake vivyo hivyo, na siku ya tatu. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye breki. Nilisinzia nimesimama, mkono umelegea. Behewa likateremka. Kombo alikuwa chini.

Nyapara alipokuja kuuliza, Kombo, akiwa amelala pale damu inamtoka, ndiye aliyejibu kwamba breki imekatika. Alisema hivyo kuniokoa. Nami nikanyamaza. Nimenyamaza miaka ishirini na kitu. Nilimpelekea samaki, nilimpelekea unga, nilisimamia harusi yake, lakini kumwambia "nililala, ndugu yangu," sikuweza.

Na katika yale yote, fundisho nililotoka nalo lilikuwa limepinduka. Ningeweza kusema: vijana wawili walifanyishwa kazi kuliko miili yao. Sikusema hivyo. Nilisema usingizi ndio uliomkata mguu Kombo. Nikauchukia kama adui. Nikajifunza kulala kidogo, nikajisifu kwa hilo, nikawaamkia wenzangu kwa kejeli. Na Mungu aliponipa mtoto mwenye akili, nikaona kazi yangu ni kumlinda asije kukamatwa na adui yule. Nilidhani nakuokoa. Wallahi, kila nilipokugongea mlango saa tisa nilidhani nakuokoa.

Nilipotoka Moa siku ile nilikwenda moja kwa moja kwa Kombo. Sikupita hata nyumbani. Nilimkuta anapanga machungwa yake, mkongojo ameuegemeza ukutani. Nikamwambia yote, pale pale, nimesimama, kabla hata ya salamu kwisha. Kwamba breki haikukatika. Kwamba nililala.

Aliendelea kupanga. Nilidhani hakunisikia. Kisha akasema, "Najua ulilala."

"Unajua?"

"Nilikuwa nakuona unayumba toka magharibi. Na mimi nilitaka kukuamsha, nikasema nipumzike kidogo kwanza." Akanyanyua uso. "Shabani, hukujiuliza hata siku moja kwa nini sikuruka? Behewa lile lilikuwa linakwenda taratibu. Kuku angeruka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye reli, nimelala. Nimekuwa nikiona haya kukwambia. Nilidhani utaniona mjinga, nimejikalia relini mwenyewe, halafu nikakubebesha wewe."

Mishi, tuliangaliana. Watu wazima wawili. Nikamwambia nilipokukuta wewe. Chungwa lilimtoka mkononi likabiringika mpaka barabarani, na hakuna aliyeliokota. Alikaa chini, akashika kipande cha mguu wake, akasema, "Relini? Binti yetu? Relini?" Akalirudia mpaka watu wakaanza kutazama.

Mpaka leo nashangaa. Siwezi kusema nimezoea. Kwamba jambo liliwapata vijana wawili, wote wakalificha kwa aibu, kila mmoja akidhani ni kosa lake, na kwa sababu lilifichwa likarudi likamsubiri mtoto ambaye hata hajazaliwa. Laiti mmoja wetu angesema.

Yaliyobaki unayajua. Ulikaa Moa mpaka msimu ukageuka. Mtihani ulikupita, na ulimwengu haukuanguka. Kuna siku nilikuja nikakukuta unacheka na wasichana wa jirani mkitafuta kombe ufukweni, na kuna siku nilikuja nikakukuta umekaa unatazama ukuta, hutaki mtu. Nilijifunza kukaa nawe karibu na ukuta huo bila kuuliza utapona lini. Uliporudi ulirudia darasa, ukasoma mchana, ukifunga kitabu baada ya isha, na ukapasi. Walimu walishangaa. Mimi nilikuwa nimekwisha shangaa vya kutosha, nilishukuru tu.

Sasa unakwenda mahali pa kengele. Kengele ya kuamka, ya kula, ya sala, ya kusoma. Wenzako watakuwepo wanaosoma chini ya shuka kwa kibatari na kujisifu asubuhi. Sikuwekei sheria. Mwenye rekodi yangu hana haki ya kuweka sheria. Nakuomba mambo mawili tu. Ukiona machozi yanatoka bila sababu, au unaisikia sauti yangu mahali ambapo sipo, usingoje uwe na maelezo mazuri. Nenda kwa matroni, mwambie kama ulivyomwambia dresa. Kisha niandikie. Andika "sijalala" tu, neno hilo moja. Nitapanda treni. Kazi ipo, itaningoja, au isiningoje.

Na la pili ni hili, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kuna swali ambalo sijakuuliza. Dresa hakukuuliza, bibi yako hakukuuliza, mama yako amelibeba moyoni nami nalibeba, tumelala nalo kitanda kimoja bila kulitamka. Wewe umekulia kambini. Unajua saa ya kila treni ya mkonge tangu ukiwa na miaka mitano. Asubuhi ile, ulipokaa kwenye reli ile nzuri yenye baridi, ulijua kwamba nakuja?

Sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Nilitaka liwe usingizi peke yake. Lakini nimeona jambo lisiloulizwa linavyofanya. Kwa hiyo naliuliza, kwa mwandiko wangu, na jina langu liko chini. Huna haja ya kunijibu upesi. Huna haja ya kunijibu kabisa. Ila ujue ya kuwa majibu yote mawili yana mahali pa kukaa katika nyumba hii. Ukisema hapana, nitamshukuru Mungu. Ukisema ndiyo, nitakuja nikae karibu nawe, na sitakupiga, na sitalia mbele yako zaidi ya utakavyoweza kuvumilia, na utanieleza tangu mwanzo.

Mimi baba yako,
Shabani